Tukiwa kundini tunaelewa wote, mbona mtihani unatushinda?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa Dodoma mjini. Tuko saba, na kila Jumamosi na Jumapili mchana tunakutana kwa mwenzetu mmoja Nkuhungu kwa ajili ya diskasheni ya fizikia. Tunachukua mitihani ya miaka iliyopita, kipanga wetu, yaani mwenzetu anayelimudu somo kuliko sisi wote, anakokotoa kwenye ubao mdogo, sisi tunafuatilia na kunakili. Pale kundini kila mtu anaelewa. Lakini kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio, wanne kati yetu tumepata F, wawili D, na kipanga mwenyewe C. Mama anasema niachane na kundi nisome peke yangu. Zimebaki wiki tisa. Je, fizikia inasomeka kwa kundi, na kama inasomeka, tufanyeje?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Fizikia inasomeka kwa kundi, na kwa baadhi ya sehemu za somo hili kundi humshinda mtu anayejisomea peke yake. Shida ni kwamba kwa maelezo yako, pale Nkuhungu anayesoma ni mmoja na wengine sita mnamtazama. Usiache kundi kwa sasa. Badilisheni kinachotokea mnapoketi, mjipe wiki tatu, kisha ndipo mpime kama mama alikuwa na haki.

Ulichokiita kuelewa ni kitu halisi, sikidharau. Mwenzako akikokotoa mbele yako, na wewe ukaona kwamba kila mstari unatokana na ule ulio juu yake, umeielewa hesabu yake. Ila mtihani haukuulizi kama hesabu ya mwenzako ni sahihi. Unakupa ukurasa mtupu na kukuachia uamue mstari wa kwanza: swali hili ni la kanuni ipi, kipi kimetolewa, kipi kimefichwa ndani ya maneno, mchoro uanzie wapi. Mstari huo kipanga wenu huuamua kichwani, kimya, kabla hajashika chaki, na ndiyo sababu ninyi hamjawahi kuuona ukitengenezwa. Abiria wa bodaboda anayepelekwa Majengo kila siku hufika salama, lakini siku akipewa usukani ndipo hugundua kwamba hajui hata kona ya kwanza ilikuwa upande gani. Nayo C ya kipanga inanipa habari: huenda hakuna mtu kundini anayemuuliza kwa nini, kwa hiyo naye hukokotoa kwa mazoea, na swali likigeuzwa kidogo mazoea humtupa.

Kanuni ninayowapa ni moja, na mengi ya hapa chini yanatokana nayo: kalamu itangulie mdomo. Swali likishasomwa, kila mtu akae nalo peke yake kwa dakika 10 hadi 15, bila kuchungulia kwa jirani, na aandike jibu kwenye karatasi yake hata kama ni la kubahatisha. Muda ukiisha, karatasi zote saba ziwekwe katikati kwa pamoja. Hapo ndipo mazungumzo yaanze, na yaanzie pale karatasi zinapotofautiana, kwa sababu penye majibu saba yanayofanana hamna haja ya kupoteza muda. Wa kwanza kueleza awe yule ambaye jibu lake linaonekana kuwa na walakini, na kipanga awe wa mwisho.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aligundua kwamba wanafunzi wake waliokuwa wakikokotoa vizuri walishindwa maswali mepesi ya kueleza mambo ya kawaida kabisa kuhusu kani na mwendo, na kuanzia mwaka 1991 akabadili ufundishaji wake: swali linatolewa, kila mwanafunzi anafikiri kimya na kutoa jibu lake, kisha anajaribu kumshawishi jirani yake, kisha wanajibu tena. Wengi wanaouiga utaratibu huo hurukia kwenye mabishano, kwa kuwa ndiyo yenye raha, na kuiacha ile hatua ya kimya. Mtu ambaye hajaandika chochote hana cha kutetea. Atasikiliza, atatikisa kichwa, na mtarudi palepale mlipoanzia.

Nikupe mfano wa namna mazungumzo yanavyopaswa kwenda. Swali linasema: daladala imefunga breki ghafla na abiria aliyesimama akaangukia mbele, eleza kwa nini. Katika kundi la saba sitashangaa nikikuta karatasi tano zimeandikwa kwamba breki zimetoa kani iliyomsukuma abiria mbele. Kipanga akiwakatiza na kusema jibu ni kanuni ya kwanza ya Newton, wote wataandika "kanuni ya kwanza ya Newton" na wazo la kani inayosukuma mbele litabaki kichwani kama lilivyokuwa. Mmoja wenu na aulize hivi: kani hiyo imetoka kwenye kitu gani, na kitu hicho kimemgusa abiria wapi? Mtatafuta na hamtakipata, kwa maana hakuna kitu nyuma yake kilichomsukuma. Kilichomgusa ni sakafu, nayo kwa msuguano imeipunguzia miguu yake kasi, yaani imeivuta kuelekea nyuma, huku kiwiliwili chake kikiendelea na mwendo kilichokuwa nao. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kubanwa na wenzake ataweza kujibu kuhusu mzigo unaoteleza juu ya keria ya basi na vumbi linalotoka kwenye zulia likipigwa, hata kama hajawahi kuyaona maswali hayo. Kwa sura nyingi za mekanika swali hilo, kani imetoka kwenye kitu gani, ndilo silaha nzuri kuliko zote, na ningependa liwe ndilo swali la kawaida la kundi lenu.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo makundi mengi huliruka, nalo ni lugha. Mnafikiri kwa Kiswahili na mtihani mnauandika kwa Kiingereza. Wapo walimu wanaowakataza wanafunzi kuzungumza Kiswahili kwenye diskasheni. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu mtu anayebishana kwa lugha asiyoimudu hubishana kidogo na hukubali upesi. Bishaneni kwa Kiswahili. Lakini mjue kwamba Kiswahili chetu cha kila siku kimeyaweka kwenye kapu moja mambo ambayo fizikia imeyatenganisha, na kapu hilo ndilo linalowapotezea alama.

Chukueni neno "nguvu". Mtaani nguvu ni msukumo, ni uwezo wa injini, ni kile unachokipata ukila ugali wa uwele, na hata umeme tunasema una nguvu au hauna. Mwanafunzi anayesema "nguvu" kwa yote hayo, siku ya mtihani huandika fosi, yaani kani, palipotakiwa pawa, yaani uwezo, na pawa palipotakiwa nishati. Dawa yake ni ndoo ya maji. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20, na kwa mchapuko wa uvutano wa 10 m/s², ambao ndio mitihani yenu mingi huwaruhusu kuutumia, uzito wa maji hayo ni niutoni 200. Inyanyueni polepole hadi kwenye jukwaa la urefu wa mita 1.5. Kani ni niutoni 200. Kazi iliyofanyika, ambayo ndiyo nishati mliyoyapa maji, ni 200 mara 1.5, yaani juli 300. Mwenye misuli akiinyanyua kwa sekunde 3, uwezo wake ni wati 100. Mwingine akiinyanyua kwa sekunde 10, ni wati 30. Kani ni ileile, kazi ni ileile, na bado mtaani tutasema wa kwanza "ana nguvu zaidi". Halafu ongezeni swali la tatu: aliyesimama ameishika ndoo hiyo bila kusogea kwa dakika tano, akatokwa na jasho, ameyafanyia maji kazi ya juli ngapi? Jibu ni sifuri, na najua mtabishana. Bishaneni mpaka mwone ni kwa nini.

Neno "uzito" nalo lina shida yake. Pale sokoni Majengo muuza karanga anakupimia "uzito wa kilo moja", wakati katika fizikia kilo ni kipimo cha masi, yaani wingi wa maada iliyomo kwenye kitu, na uzito ni kani inayopimwa kwa niutoni. Gunia la alizeti la kilo 50 likipelekwa mwezini litabaki la kilo 50, ila uzito wake utashuka kutoka niutoni 500 hadi takriban niutoni 80. Kwa "joto", ambalo ni nishati, na "halijoto", ambayo ni kiwango kinachosomwa kwa nyuzi, mtazameni fundi wa kulehemu: cheche inayomrukia mkononi ina halijoto ya juu kuliko maji yanayochemka kwa mbali sana, na bado anaipangusa tu, kwa sababu ni chembe ndogo iliyobeba joto dogo, ilhali sufuria ya maji ya moto ingempeleka hospitali. Kwa hiyo kundi lenu liwe na daftari moja la ukurasa uliogawanywa katikati. Kushoto andikeni neno la Kiswahili mlilozoea, na kulia sentensi nzima ya Kiingereza, fupi na sahihi, inayotaja kipimo chake. Nasema sentensi nzima, kwa kuwa neno tupu huwa halisaidii. Mwenye kujua neno bado anaweza kushindwa kulisimamisha ndani ya jibu. Kila swali mlilolimaliza kwa mabishano ya Kiswahili, dakika tano za mwisho ziwe za kila mtu kuandika jibu hilo kwa Kiingereza, peke yake, kisha mbadilishane karatasi.

Sehemu ya vitendo ndiyo inayonihuzunisha zaidi, maana makundi hukutana mwaka mzima kukokotoa na kuuacha mtihani wa vitendo hadi shule iite watahiniwa maabara siku chache kabla. Maabara hamhitaji kwa kila kitu. Mahali hapo Nkuhungu, uzi, jiwe dogo, rula ya mita na simu yenye saa ya kupimia muda vinatosha kwa jaribio la pendulumu, ambalo ni la kawaida sana kwa mtihani wenu. Fanyeni ndani ya chumba, kwa kuwa upepo wetu wa mchana wa Septemba utalipeperusha jiwe pamoja na karatasi zenu. Mnabadilisha urefu wa uzi, kwa kila urefu mnapima muda wa bembeo 20 (bembeo moja ni kwenda na kurudi), mnagawanya kwa 20 kupata muda wa bembeo moja, mnaupiga kipeo cha pili, na kuchora grafu ya kipeo hicho dhidi ya urefu. Mstari unatakiwa upite sifuri, na mteremko wake, kama mambo yamekwenda vizuri, uwe karibu na 4.03 ukitumia sekunde na mita; ukigawa 39.5, yaani nne mara pai ya kipeo cha pili, kwa mteremko huo unapata mchapuko wa uvutano wa 9.8.

Uzuri wa kulifanya kwa kundi ni kwamba mnaweza kulifanya makundi mawili kwa wakati mmoja na kukosea tofauti, na hapo ndipo mtakapojifunza kuliko mkipatia. Nimeona mara nyingi mwanafunzi akiachia jiwe na hapohapo kusema "moja". Jiwe halijabembea hata mara moja, yeye amekwisha kuhesabu moja. Akifika "ishirini", bembeo zilizopita ni 19 tu, lakini anagawa kwa 20. Muda wake wa bembeo moja unapungua kwa asilimia 5, kipeo chake cha pili kinapungua kwa karibu asilimia 10, na mchapuko unatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Mwingine anahesabu vizuri, akianza na "sifuri", ila anapima uzi kutoka juu hadi kwenye fundo, akisahau kwamba urefu wa pendulumu huishia katikati ya jiwe. Kama fundo liko sentimita 2 juu ya kitovu cha jiwe, kila urefu wake umepungua sentimita 2 zilezile.

Sasa wekeni grafu mbili juu ya meza. Wa kwanza, aliyehesabu vibaya, atakuwa na mstari mzuri unaopita sifuri kabisa, na jibu baya. Wa pili atakuwa na mstari usiopita sifuri, uliokata mhimili wa wima juu kidogo, na jibu zuri, kwa kuwa kupunguza urefu wote kwa kiasi kilekile kunausogeza mstari bila kuugeuza mteremko. Wanafunzi wengi huamini kwamba grafu ikipita sifuri kazi imekwisha, na hulazimisha mstari upite hapo kwa rula. Mkiuona ukweli huu kwa macho yenu mara moja, sidhani kama mtaulazimisha mstari tena, na swali la kueleza vyanzo vya makosa na namna ya kuvipunguza, ambalo wengi hulijibu kwa kukariri sentensi ileile kwa kila jaribio, mtalijibu kwa mambo yaliyowatokea. Fanyeni vivyo hivyo kwa rula iliyosawazishwa juu ya egemeo na vitu vidogo ambavyo masi zake mnazijua. Ya umeme yafanyeni kwa betri za tochi tu. Soketi ya ukutani msiiguse kwa jaribio lolote.

Kazi nyingine inayofaa kundi kuliko mtu mmoja ni kulihoji jibu kabla ya kulipigia mstari. Vikinza vya umeme vya omu 6 na omu 3 vikiunganishwa sambamba, jibu lazima liwe dogo kuliko 3, kwa sababu umeongeza njia ya mkondo kupita. Anayepata 9 amejumlisha kana kwamba vimeunganishwa mfululizo, anayepata 4.5 ametafuta wastani, na anayepata nusu amesahau kupindua sehemu mwishoni. Jibu ni 2. Mtu akiwa peke yake huandika 9 na kufungua ukurasa mwingine, akiwa na wenzake, mmoja atauliza, "Inawezekanaje njia zimeongezeka na ugumu ukaongezeka?" Ili mzoee kuuliza hivyo, tungeni maswali yenu wenyewe kutokana na vitu mnavyovijua. Treni ya umeme ya SGR inayofika Dodoma imesanifiwa kwa mwendokasi wa hadi kilomita 160 kwa saa. Tuseme inapunguza mwendo kwa 0.5 m/s², inahitaji umbali gani kusimama? Anayegeuza vipimo kwanza anapata mita 44.4 kwa sekunde, na umbali wa karibu kilomita 2. Anayesahau kugeuza anaweka 160 kama ilivyo na kupata mita 25,600, yaani dereva aanze kufunga breki zaidi ya kilomita 25 kabla ya stesheni. Namba hiyo haihitaji mwalimu kuikataa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula yuniti ngapi za LUKU? Nusu yuniti. Maji ya chai yenu je, yanachemka kwa nyuzi 100? Hapana, ni karibu 96, kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Tanga au Dar es Salaam. Anayetunga swali hulazimika kujua ni taarifa zipi zinatosha kulijibu, na huo ndio ule mstari wa kwanza niliousema.

Mitihani ya miaka iliyopita endeleeni nayo, ila msiifanye kwa kufuata mwaka baada ya mwaka. Pamoja nayo someni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa kwa kila somo na kuziweka bure kwenye tovuti yake. Ndani yake mna vielelezo vya majibu mazuri na mabaya ya watahiniwa wenyewe, pamoja na maelezo ya kwa nini mabaya yalikosa alama. Mfunike maelezo kwa karatasi, msome jibu baya, na kila mmoja aandike kosa liko wapi kabla hamjafunua. Sijui zoezi jingine la bei rahisi kiasi hicho.

Saba ni wengi. Gawanyikeni watatu na wanne, mkutane nyumba ileile, na mwungane kwa nusu saa ya mwisho. Simu iwe moja, ya kupimia muda na kusomea taarifa hizo; nyingine zikae kwa mwenye nyumba. Saa mbili na nusu zinatosha kwa siku, na wasichana wafike makwao kabla ya magharibi.

Kuna jambo moja linaloweza kuharibu haya yote, nalo ni kicheko. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule usiochemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na darasani jambo likawa utani: kila akikosea, hiyo ni fizikia ya Mpemba. Aliendelea kuuliza, na alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekwenda kulijaribu badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja walichokiona, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu yake. Nakutajia hilo kwa sababu ya wale wanafunzi wenzake, si kwa sababu ya sifa yake. Kundini kwenu mwenye karatasi yenye walakini ndiye mnayemtegemea siku hiyo. Akichekwa Jumamosi, Jumapili atanakili ya jirani kabla karatasi hazijawekwa katikati, na mtakuwa mmepoteza chombo chenu cha kazi.

Nimfikie mama. Ana haki kwa kiasi kikubwa kuliko unavyodhani, na umwambie nimesema hivyo. Yapo mambo ambayo kundi haliyawezi: kusoma mada kwa mara ya kwanza, kushika fasili na vipimo, kujua kanuni zipi zinahusiana na zipi, na kurudia kukokotoa mpaka mkono uzoee. Hayo ni ya usiku wa katikati ya wiki, peke yako, dakika 40 au 50 kwa siku, na asiyeyafanya anakwenda kundini mikono mitupu kula jasho la wenzake. Ningependekeza mweke sharti: anayekuja Jumamosi bila karatasi ya maswali matatu aliyoyajaribu mwenyewe wakati wa wiki, hata kama yote amekosa, akae pembeni ayafanye kwanza ndipo ajiunge. Kipanga naye awe chini ya sharti hilo. Akiwa na kiu ya kueleza, mpeni kazi ngumu kuliko kueleza, yaani amsaidie mwenzake kwa kuuliza maswali tu, bila kushika kalamu ya mwenzake wala chaki. Ataona taabu wiki ya kwanza.

Kuhusu wiki tisa, msianze na mada ngumu kuliko zote. Wiki tatu za mwanzo wekeni mekanika pamoja na pendulumu na rula yenye egemeo, kwa sababu lugha ya kani, kazi na nishati inarudi kwenye mada nyingine nyingi. Wiki tatu zinazofuata ziwe za umeme na mwanga, na mbili za joto, mawimbi na mada za kidato cha nne mlizozisoma kwa haraka. Mwishoni mwa wiki ya tatu chukueni mtihani mmoja mzima wa nadharia ambao hamjaugusa, mketi nao kimya kwa muda wake kamili, kila mtu na meza yake, msahihishiane kwa mwongozo mtakaouomba kwa mwalimu wenu wa somo, na mlinganishe na moko. Hapo ndipo utakapokuwa na cha kumwonyesha mama; na kama alama zako hazijasogea wakati za wenzako zimesogea, basi jisomee peke yako wiki mbili na urudi kwa ajili ya vitendo tu. Wiki ya tisa msikutane kukokotoa. Mkutane mara moja, mfungue lile daftari la ukurasa uliogawanywa, mmoja asome upande wa Kiswahili na wengine waandike sentensi ya Kiingereza.

Jumamosi hii anzeni na uzi na jiwe. Na kwa kuwa nimekwisha kuwaeleza makosa mawili na kuwaharibia utamu, nawapa la tatu ambalo sitalijibu: mwanafunzi mmoja ameyafanya yote mawili, ameanza kuhesabu na "moja" na amepima uzi hadi kwenye fundo. Kila mtu achore kwanza, peke yake, grafu yake inavyokaa na mchapuko atakaoupata, kisha ndipo mzungumze.